Mahitaji ya umeme ya hita za dizeli za kubebeka

Hita ya dizeli ya kubebeka ni kifaa kinachochoma mafuta ya dizeli ili kupasha joto hewa ya nafasi ndogo, kwa mfano kabini ya lori, hema, kibanda cha mlinzi au chumba kimoja cha nyumba. Joto lote hutoka katika dizeli, lakini hita haiwezi kuwaka bila umeme. Umeme ndio unaowasha moto, unaosukuma mafuta na unaozungusha feni.

Hita ikishawaka, umeme unaotumika ni kidogo, yaani takriban wati 10 hadi 40. Katika dakika chache za kuwasha mahitaji hupanda hadi wati 100 au zaidi. Kwa mtu aliye mbali na gridi ya taifa, dakika hizo chache ndizo zinazoamua betri, waya na chaja zipi zinafaa. Betri inayotosha kuendesha hita usiku kucha inaweza kushindwa kuiwasha.

Makala hii inaeleza mahitaji hayo ikitumia mfano wa Tunduma na Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, ambako madereva wa malori hulala ndani ya magari yao wakisubiri kuvuka mpaka wa Zambia.

## Mazingira ya Tunduma na Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega upande wa magharibi wa Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake ni Vwawa, na wilaya zake ni Ileje, Mbozi, Momba na Songwe. Mji wa Tunduma uko mpakani, ukitazamana na Nakonde upande wa Zambia. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam pamoja na reli ya TAZARA hupita hapo kuelekea kusini.

Mpaka huo hupitisha shehena kubwa ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: mafuta na bidhaa za dukani huenda kusini, shaba huja bandarini. Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 ili kupunguza muda wa ukaguzi. Hata hivyo foleni ya malori bado hurefuka kwa kilomita kadhaa nyakati fulani, na dereva na utingo wake huweza kulala njiani usiku mmoja au zaidi.

Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kipupwe, hasa Juni na Julai, anga huwa halina mawingu na ardhi hupoteza joto haraka baada ya jua kuzama. Dereva aliyetoka Dar es Salaam akiwa na shati jepesi hukuta baridi kali alfajiri. Njia za kawaida za kujikinga ni blanketi, kuacha injini ikinguruma, au jiko la mkaa. Kila moja ina kasoro yake, na jiko la mkaa ndani ya nafasi iliyofungwa linaweza kuua.

Hita za dizeli si kifaa cha kawaida katika nyumba za Songwe. Zinapatikana zaidi katika malori, kwa kuwa baadhi ya malori yaliyotengenezwa Ulaya huingizwa Afrika Mashariki yakiwa na hita iliyofungwa kiwandani. Nyingine ni hita za sanduku zinazotengenezwa China, ambazo huuzwa zikiwa na tangi lao dogo na mpini wa kubebea.

## Jinsi hita inavyofanya kazi

Hita ina njia mbili za hewa zisizochanganyika. Njia ya kwanza huvuta hewa kutoka nje, huipeleka kwenye chumba cha moto na kuitoa nje tena kama moshi kupitia bomba la ekzosi. Njia ya pili huvuta hewa ya kabini, huipitisha juu ya chuma chenye mapezi kilichopashwa moto, na kuirudisha kabini ikiwa ya joto. Hewa anayoivuta mtu haigusi moto wala moshi, mradi kifaa ni kizima na kimefungwa vizuri.

Sehemu zinazotumia umeme ni nne:

- Plagi ya kuwashia, ambayo mafundi wengi huiita hita plagi. Hupata moto mpaka kuwa nyekundu ili kuwasha mvuke wa dizeli. Hii ndiyo inayotumia umeme mwingi kuliko zote.
- Feni, yenye mota moja inayozungusha hewa ya moto na hewa ya kabini kwa pamoja. Umeme wake huongezeka kadiri kasi inavyopanda.
- Pampu ya mafuta, ambayo hupiga mapigo madogo na kutoa tone la dizeli kwa kila pigo. Sauti yake ya "tik, tik" husikika usiku. Hutumia wati chache tu.
- Kidhibiti, yaani kompyuta ndogo pamoja na vihisi vyake na kioo cha kuonyesha joto.

## Umeme unaotumika katika kila hatua

### Kuwasha

Mtumiaji akibonyeza swichi, plagi huanza kupata moto na feni huzunguka polepole. Baada ya muda mfupi pampu huanza kuleta mafuta. Hatua yote huchukua takriban dakika 4 hadi 6. Katika hita nyingi za volti 12 plagi huvuta ampea 8 hadi 10, yaani takriban wati 100 hadi 120.

Moto ukishika, kidhibiti hukata umeme wa plagi na matumizi hushuka ghafla. Moto usiposhika, kidhibiti hujaribu tena. Kila jaribio hugharimu takriban wati-saa 10, na majaribio yakishindwa mfululizo hita hujifunga hadi hitilafu irekebishwe.

### Kuendelea kuwaka

Mfano mzuri ni Airtronic D2 ya kampuni ya Eberspächer ya Ujerumani, hita ndogo inayofungwa sana katika malori. Takwimu zake ni hizi:

- Kiwango cha chini: joto wati 850, dizeli lita 0.10 kwa saa, umeme wati 8.
- Kiwango cha kati: joto wati 1,200, dizeli lita 0.15 kwa saa, umeme wati 12.
- Kiwango cha juu: joto wati 1,800, dizeli lita 0.23 kwa saa, umeme wati 22.
- Kiwango cha juu kabisa: joto wati 2,200, dizeli lita 0.28 kwa saa, umeme wati 34.

Joto kutoka kiwango cha chini hadi cha juu kabisa huongezeka kidogo zaidi ya mara mbili na nusu, lakini umeme huongezeka zaidi ya mara nne. Sababu ni feni: mota inayozunguka kwa kasi hutumia nguvu nyingi zaidi kuliko ongezeko la hewa inayopatikana. Kwa hiyo hita inayofanya kazi kwa kasi ya wastani hutumia betri vizuri zaidi.

### Kuzima

Kuzima nako kunahitaji umeme. Mtumiaji akibonyeza swichi, pampu husimama lakini feni huendelea kwa dakika kadhaa ili kupoza chumba cha moto na kutoa moshi uliobaki. Katika hita nyingi plagi pia huwashwa tena kwa muda usiofika dakika moja ili kuchoma mabaki ya mafuta.

Umeme ukikatwa ghafla hita ikiwa na moto, chuma hubaki na joto kali bila hewa ya kukipoza. Matokeo yake ni masizi, moshi, na wakati mwingine kuungua kwa sehemu za plastiki na vihisi. Kwa sababu hiyo waya wa hita hupaswa kufika kwenye betri moja kwa moja kupitia fyuzi, na hita haizimwi kwa kuchomoa waya.

### Ikiwa imezimwa

Kioo na kidhibiti hutumia umeme kidogo hata hita ikiwa imelala. Mkondo wa miliampea 30 unaonekana si kitu, lakini kwa siku 30 hufikia karibu ampea-saa 22. Betri ya ampea-saa 50 iliyoachwa ikiwa imeunganishwa kwa miezi miwili bila kuchajiwa inaweza kukutwa karibu tupu.

## Hesabu ya usiku mmoja

Kwa kutumia takwimu za hita iliyotajwa hapo juu, usiku wa saa 9 unaweza kuhesabiwa hivi:

- Kuwasha: wati-saa 10.
- Saa 1 ya kiwango cha juu kabisa ili kabini ipate joto: wati-saa 34.
- Saa 8 za kiwango cha kati: wati-saa 96.
- Kuzima: wati-saa 3.

Jumla ni wati-saa 143. Dizeli inayochomwa ni karibu lita moja na nusu, na joto linalopatikana ni karibu kilowati-saa 11.8. Kila wati-saa moja ya umeme huambatana na takriban wati-saa 80 za joto. Hita ya umeme ya kawaida ingehitaji kilowati-saa zote 11.8 kutoka kwenye betri, kiasi ambacho mfumo mdogo wa sola hauwezi kutoa.

Hita za sanduku za bei nafuu hutumia umeme zaidi kidogo, mara nyingi wastani wa wati 20 hadi 25. Kwa hiyo ni busara kupanga wati-saa 150 hadi 250 kwa usiku. Katika mfumo wa volti 12 hiyo ni takriban ampea-saa 12 hadi 21, na katika mfumo wa volti 24 ni nusu yake.

Kuacha injini ikinguruma ni ghali zaidi. Injini ya lori kubwa hutumia takriban lita 2 hadi 4 za dizeli kwa saa ikiwa imesimama. Usiku wa saa 9 unaweza kula lita 18 hadi 36 kwa kazi ambayo hita hufanya kwa lita moja na nusu.

## Uchaguzi wa betri

Betri za kawaida za risasi na asidi hudumu zaidi zikitumiwa hadi nusu tu ya uwezo wake. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 kwa hiyo hutoa takriban ampea-saa 50 kwa usalama, yaani usiku mbili au tatu za hita bila kuchajiwa. Betri ya zamani inaweza kuwa imebaki na nusu ya uwezo ulioandikwa juu yake, na baridi hupunguza uwezo huo kidogo zaidi.

Tatizo kubwa zaidi ni volti. Hita nyingi hujizima zenyewe volti ikishuka chini ya takriban 10.5 katika mfumo wa volti 12, au 21 katika mfumo wa volti 24. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 12.3 ikiwa imetulia, lakini plagi ikianza kuvuta ampea 10 volti hushuka chini ya kikomo. Hita hukataa kuwaka na mtumiaji hudhani imeharibika, wakati betri ndiyo iliyokwisha. Kipimo sahihi ni kuweka mita kwenye teminali za hita yenyewe wakati wa kuwasha, si kupima betri ikiwa haina kazi.

Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma hushika volti karibu na 13 mpaka zinapokaribia kuisha, kwa hiyo huwasha hita kwa urahisi. Betri ya aina hiyo yenye ampea-saa 20 ina takriban wati-saa 250, nayo hutosha usiku mmoja ikiwa mzunguko wake wa ulinzi unaruhusu ampea 15 au zaidi.

Betri ndogo ya ampea-saa 7, inayotumika katika kengele za ulinzi na taa, haifai. Mifumo midogo ya sola ya nyumbani iliyotengenezwa kwa taa, simu na redio pia kwa kawaida haifai, kwa sababu matundu yake hutoa ampea chache na hujikata plagi inapoanza kuvuta. Hali ni hiyohiyo kwa adapta: adapta ya volti 12 na ampea 5 hutoa wati 60 tu, wakati hita huhitaji adapta ya ampea 15 hadi 20.

## Volti 12 na volti 24

Magari madogo hutumia volti 12, lakini malori makubwa hutumia volti 24 kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 mfululizo. Hita iliyofungwa kiwandani katika lori huwa ya volti 24, ilhali hita nyingi za sanduku ni za volti 12. Hita ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 huungua kidhibiti au plagi.

Njia inayotumiwa na baadhi ya watu ni kuchukua umeme kutoka betri moja tu kati ya mbili. Hita huwaka, lakini betri hiyo huisha huku mwenzake ikibaki imejaa. Altaneta huchaji betri zote mbili kama moja, kwa hiyo iliyojaa huchajiwa kupita kiasi na iliyopungua haijai kamwe. Baada ya muda zote mbili hufa mapema. Njia sahihi ni kutumia hita ya volti 24, au kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 chenye uwezo wa angalau ampea 15, kwa sababu lazima kibebe mkondo wa kuwashia.

## Waya na upotevu wa volti

Waya mwembamba hupoteza volti kabla umeme haujafika kwenye hita. Mfano ni hita ya volti 12 iliyo mita 5 kutoka kwenye betri, ambapo umeme husafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa mkondo wa ampea 10 katika waya wa shaba, upotevu ni takriban:

- Waya wa milimita za mraba 1.5: volti 1.2.
- Waya wa milimita za mraba 2.5: volti 0.7.
- Waya wa milimita za mraba 4: volti 0.4.
- Waya wa milimita za mraba 6: volti 0.3.

Betri ikiwa na volti 11.6 wakati wa kuwasha, waya wa kwanza huiachia hita volti 10.4, chini ya kikomo cha kujizima. Waya wa milimita 4 huiachia volti 11.2 na hita huwaka. Betri ni ileile, ila waya umebadilika. Teminali zenye kutu na viungo vya kusokota kwa mkono huongeza upotevu huo.

Fyuzi huwekwa karibu na betri. Kwa hita ndogo ya aina iliyotajwa, kiwango ni ampea 20 kwa volti 12 na ampea 10 kwa volti 24. Tundu la kuwashia sigara halifai, kwa kuwa waya wake mara nyingi ni mwembamba na miguso yake hupata moto.

## Hita na lori lililo kwenye foleni

Hofu kuu ya dereva aliye kwenye foleni ni kukuta asubuhi betri haziwezi kuzungusha stata. Lori lisilowaka huziba njia na hupoteza nafasi.

Hesabu inaonyesha kwamba hita peke yake mara chache ndiyo chanzo. Usiku tatu za wati-saa 143 ni wati-saa 429, yaani karibu ampea-saa 18 kwa volti 24. Kwa betri nzima za ampea-saa 180 hiyo ni sehemu moja ya kumi. Friji ndogo ya kabini yenye wastani wa wati 25 hutumia wati-saa 600 kwa siku moja, zaidi ya hita katika usiku tatu. Taa, redio, inveta ya televisheni na chaja za simu huongezeka juu yake.

Hatari hutokea mambo hayo yanapokutana na betri zilizochakaa. Ulinzi wa hita wa volti 21 huilinda hita, si stata: lori linaweza kushindwa kuwaka kabla betri hazijashuka hadi hapo. Kwa sababu hiyo baadhi ya magari huwa na betri ya pili kwa mahitaji ya kabini, iliyotenganishwa na betri za stata gari likiwa limezimwa.

## Kuchaji betri

Njia rahisi kwa lori ni altaneta. Mwendo wa saa moja au mbili kwa kawaida hurudisha umeme uliotumiwa na hita usiku. Kusogea mita chache kwenye foleni na kuzima tena hakutoshi, hasa kwa kuwa kila kupiga stati nako hutumia betri.

Kwa kibanda au nyumba iliyo nje ya gridi, sola ni chaguo linalolingana vizuri na hali ya hewa ya Songwe. Huko Ulaya hita huhitajika zaidi katika miezi yenye mchana mfupi na mawingu, wakati paneli hutoa umeme kidogo. Songwe ni kinyume: miezi ya baridi ni miezi ya ukame, na usiku wa baridi hufuatwa na mchana wa jua kali.

Kwa tahadhari huhesabiwa saa 4.5 za jua kamili kwa siku na upotevu wa asilimia 30 katika chaji kontrola, waya na betri. Ili kurudisha wati-saa 150 hadi 250, paneli ya wati 50 hadi 80 inahitajika. Paneli ya wati 100 huacha nafasi kwa vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa na siku yenye mawingu. Malori ya volti 24 huhitaji paneli zenye volti ya kutosha, kwa mfano mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo.

## Athari ya mwinuko

Katika mwinuko wa Tunduma mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban sehemu moja ya sita kulinganisha na pwani. Feni huingiza oksijeni pungufu huku pampu ikileta dizeli ileile. Moto huwa na mafuta mengi kupita hewa, hutoa moshi mweusi na huacha masizi.

Masizi yana athari ya moja kwa moja kwa umeme. Plagi iliyofunikwa na masizi huchelewa kuwasha, majaribio huongezeka na betri huisha. Maelekezo ya Airtronic huruhusu matumizi bila kikomo hadi mita 1,500. Juu ya hapo huruhusu matumizi ya muda mfupi, lakini kwa kukaa muda mrefu kiasi cha mafuta hutakiwa kirekebishwe. Baadhi ya hita mpya zina kihisi cha mgandamizo kinachofanya hivyo chenyewe. Nyingine hurekebishwa na fundi kwa kupunguza mapigo ya pampu. Kuiwasha hita kwa kiwango cha juu kwa dakika 15 hadi 20 mara kwa mara husaidia kuchoma masizi.

## Hita kubwa za feni

Aina nyingine ya hita za dizeli ina umbo la pipa refu lenye magurudumu, na hutumika katika maghala, maeneo ya ujenzi na mabanda ya kuku. Hutoa joto la kilowati 10 hadi 30 au zaidi, na hutumia umeme wa volti 230. Mota yake huhitaji wati 100 hadi 300 kwa mfululizo, na zaidi ya mara mbili ya hapo kwa sekunde chache za kuanza.

Mfugaji anayelea vifaranga huhitaji joto la sentigredi 32 hadi 35 katika wiki ya kwanza. Hita ya wati 200 ikifanya kazi saa 10 hutumia kilowati-saa 2, mara 8 au zaidi ya hita ndogo. Mfumo wa betri za kazi hiyo ni mkubwa, hivyo jenereta hutumika mara nyingi. Tena nyingi za hita hizi hutoa moshi wake ndani ya jengo, na hazifai kabisa mahali watu wanapolala.

## Usalama

Moto wowote wa mafuta, mkaa au kuni unaweza kutoa monoksidi ya kaboni (CO), gesi isiyo na rangi wala harufu inayozuia damu kubeba oksijeni. Jiko la mkaa huitoa kwa wingi hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Mtu aliyelala hapati dalili za kumwamsha.

Hita ya dizeli hupunguza hatari hiyo kwa sababu moshi wake hutoka nje, lakini haiiondoi. Hita ya sanduku ikiwekwa ndani ya kabini au chumba huku bomba la ekzosi likiishia humohumo, hatari yake inafanana na ya jiko. Bomba lazima lifike nje, lisiwe na ufa, na lisielekee dirishani wala kwenye tundu la kuvutia hewa. Katika foleni ambako malori hukaribiana, moshi wa gari moja unaweza kuingia katika kabini ya jirani. Kengele ya kugundua CO hutumia betri yake yenyewe na haiongezi mzigo kwenye mfumo.

Hita huzimwa wakati wa kujaza mafuta na mahali penye mvuke unaoweza kulipuka. Jambo hili lina uzito Tunduma, ambako malori ya mafuta husimama katika foleni moja na mengine. Kwa kuwa hita huchukua dakika kadhaa kupoa, huzimwa mapema kabla ya kufika mahali hapo.

## Historia

Hita za magari zinazochoma mafuta zilikuzwa hasa nchini Ujerumani. Makampuni mawili yanayojulikana zaidi ni Eberspächer, iliyoanzishwa Esslingen mwaka 1865, na Webasto, iliyoanzishwa mwaka 1901. Katika malori ya safari ndefu ya Ulaya hita hizi zilikuwa kifaa cha kawaida kwa ajili ya kulala bila kuwasha injini. Baadaye viwanda vya China vilianza kutengeneza hita za muundo unaofanana kwa bei ndogo, na kutoka hapo zikaja za sanduku.

Hita hizo za sanduku mara nyingi huandikwa kilowati 5 au 8. Ukweli hujulikana kwa mafuta: lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10 za nishati, na sehemu yake hutoka na moshi. Hita inayochoma lita 0.5 kwa saa kwa kiwango cha juu haiwezi kufikisha kilowati 5 za joto, wala 8.

## Tazama pia

- Tunduma
- Mkoa wa Songwe
- Injini ya dizeli
- Betri
- Nishati ya jua